Springi Mbili za Lori la Sadallah

Mwaka wa sabini na tatu, pale Temeke, hapakuwa na lori lililochekwa kama la Sadallah Mwishehe. Mbele lilikuwa limeinua pua juu, nyuma limeketi, kama mtu aliyechoka akajitupa barazani. Wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani walimwuliza limekula nini. Fundi cherehani wa mtaa alimshauri alipeleke hospitali likapigwe bomba. Sadallah aliwasalimia wote kwa adabu, akapita zake, shingo ngumu. Lori lile alilipenda. Alikuwa ameliendesha miaka kumi na moja, tangu wakati wa Uhuru, na injini yake ilikuwa bado inaitika kwa kuguswa mara moja.

Ugonjwa ulikuwa springi za nyuma. Zilikuwa za vyuma bapa virefu, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati, kisha vikafungwa kwenye ekseli. Kila upande ulitakiwa kuwa na vyuma vinane. Vilibaki vitano, na hivyo vitano vilikuwa vimechoka mpaka vimenyooka kama rula. Sadallah alikuwa amekwenda maduka yote ya spea mjini. Kila muuzaji alimwambia angoje meli. Alipouliza ni meli gani, hakuna aliyejua jina lake.

Vile vyuma vilivyovunjika vilikwenda kwa Marselino.

Marselino Alfonsi alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala, aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwa Sadallah. Alikaa uani kwake mchana kutwa, gogo la mpingo kati ya miguu, vumbi jeusi mpaka kwenye kope. Chuma cha springi ya lori kikifuliwa motoni kinatoa tezo na patasi zisizo na mfano, na Marselino alikuwa na sikio la kusikia chuma kikivunjika hata kikivunjikia Chang'ombe.

"Hodi hapa! Shemeji Tabu, hamjambo? Nimesikia jana lori lilipiga kelele."

Tabu, mke wa Sadallah, aliangua kicheko kila mara. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Alicheka akipika, alicheka akifua. Sadallah ndiye hakucheka. Alimpa jirani yake kipande cha chuma, kwa kuwa si ustaarabu kumnyima jirani kitu ambacho mwenyewe huna haja nacho, lakini mgeni akishatoka alinung'unika.

"Yule anangojea lori langu life agawiwe mifupa."

"Mwache bwana," Tabu alisema. "Angalau lako likifa lina mtu wa kulizika."

Jumatano moja asubuhi alifika Bibi Maendeleo. Jina lake lilikuwa Kokuberwa, msichana mrefu kutoka Bukoba, mwenye baiskeli na mkoba wa ngozi. Kazi yake ilikuwa kuzungukia vikundi vya akina mama katika vijiji vya ujamaa vya pembezoni mwa Dar es Salaam. Aliegesha baiskeli, akamwamkia Sadallah shikamoo, akakaa kwenye kigoda alichopewa.

"Ndugu Sadallah, nina mashine ya kusagia nafaka. Ipo Kinondoni, kwenye ghala. Injini na kinu chake, vyote vipya. Inatakiwa kijiji cha Mvuleni, mbele ya Gongo la Mboto."

"Lini?"

"Jumamosi hii. Lori la idara limepelekwa Rufiji, halirudi mpaka mwezi ujao. Madereva wengine wote nimewauliza. Mwenye lori zima ana kazi, asiye na kazi hana matairi."

"Kwani haiwezi kusubiri huo mwezi?"

Kokuberwa alitazama mikono yake. "Akina mama wa Mvuleni wamelima shamba la pamoja miaka miwili kwa ajili ya mashine hiyo. Wamejenga kibanda chake, wamekipaka chokaa. Wamealika vijiji vitatu. Mwenyekiti wao, Bi Somoe, ameniambia Jumamosi atavunja kinu chake cha kutwangia awapikie watu kwa kuni zake. Mie sina uso wa kwenda kumwambia asikivunje."

Sadallah naye aliitazama ile mikono. Mama yake alikuwa mtu wa Kisarawe, marehemu sasa. Alichokumbuka zaidi kwake hakikuwa sura, kilikuwa viganja. Vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu kwa kutwanga, hata akimpapasa mtoto shavuni, mtoto hukunja uso.

"Uzito wake?" aliuliza.

"Tani moja na kitu."

Jikoni, Tabu aliacha kukuna nazi.

"Nitaileta," Sadallah alisema.

Bibi Maendeleo alipoondoka, Tabu alitoka na mbuzi ya kukunia mkononi. "Baba Zuhura, lori hilo likibeba mkaa tu linaburuza matako. Utaileta kichwani?"

"Nitajua la kufanya," akasema. Hakujua.

Adhuhuri ile alipakia mchanga kwenye magunia akakadiria tani moja, akaliwasha lori kulijaribu. Lilikwenda hatua hamsini. Nyuma lilikuwa limeshuka kiasi kwamba matairi yaligusa bodi, yakaanza kusagika na kutoa moshi na harufu ya mpira ulioungua. Sadallah alizima injini. Aliposhuka, alimkuta Marselino amesimama kando ya barabara.

"Umefuata mifupa?" Sadallah alimtolea ukali. "Subiri basi. Kesho kutwa utabeba lote."

Marselino alivua shati, akalitundika kwenye kioo cha lori, akaingia uvunguni. Alikaa huko muda mrefu. Sadallah aliona miguu yake tu, ikisogea huku na huku.

"Wewe, unatafuta nini?"

"Natazama," sauti ilitoka chini. "Njoo na wewe."

Sadallah aliingia uvunguni kwa hasira, wakalala chali wawili.

"Mimi gari silijui," Marselino alisema, "lakini kitu kinachobeba kitu nakijua. Ona. Huku juu kuna hii boriti ya chuma."

"Chasisi."

"Chasisi. Huku chini kuna hii ekseli. Katikati pako wazi, na hivi vyuma vyako vimezeeka. Ningekuwa nachonga, hapa kati ningeacha mtu mmoja amesimama, amebeba huyu wa juu kichwani. Mmoja kulia, mmoja kushoto."

"Ukiweka gogo hapo chasisi itakatika kwenye shimo la kwanza. Lazima kitu kinachocheza."

"Basi tumpate mtu anayecheza."

Sadallah alilala akitazama ile nafasi. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka bila yeye kutaka. Springi za mviringo, alifikiri. Zile za kujisokota kama mkia wa nguruwe, zinazowekwa mbele kwenye magari madogo. Zikisimamishwa juu ya ekseli zitawasaidia wale wazee watano. Gari likiwa tupu zitakaa tu. Likipata mzigo zitaanza kusukuma.

"Unajua zinakopatikana springi za mviringo?"

"Mimi?" Marselino alicheka kwa mara ya kwanza. "Ndugu yangu, unadhani chuma chako ndicho pekee nilichokula? Vyuma vya Keko vyote navijua kwa majina."

Alhamisi alfajiri walikuwa Keko, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Marselino aliruka juu ya marundo kama mwenyeji, akamfikisha moja kwa moja kwenye gari moja jeusi, refu, lililogongwa nyuma likabaki nusu. Mbele lilikuwa zima. Walifanya kazi mpaka saa tano, jeki moja na spana mbili na nyundo, na walipoitoa springi ya pili wote walikuwa wamechubuka vidole. Springi zilikuwa nene kama kidole gumba, hazina ufa. Sadallah aliisimamisha moja chini akaipanda kwa miguu miwili. Ilishuka kidogo ikamrudisha juu. Akairukia tena. Mwenye uwanja, mtu mzima mwenye kofia, alisimama akamtazama baba wa watoto wanne akirukaruka juu ya chuma kama mtoto wa chekechea, akatikisa kichwa.

Mchana walirudi Temeke, wakainua chasisi kwa jeki, wakazipachika springi, moja kila upande, juu ya ekseli, wakazifunga kwa waya mnene. Jeki ilipotolewa, lori lilisimama sawasawa. Watu wa bombani waliacha ndoo. Wawili wale wakarudisha magunia ya mchanga; lori likashuka kidogo tu, likatulia. Tabu alipiga kigelegele kimoja kirefu.

Sadallah aliendesha mtaani taratibu, mkono nje ya dirisha. Alipita kwa fundi cherehani akapiga honi. Alipita msikitini. Karibu na kituo cha mafuta palikuwa na shimo, akaliingia makusudi ili kulijaribu lori.

Ekseli ilishuka shimoni, springi ya kushoto ikalegea, waya ukakatika, na springi ikachomoka kwa mlio wa kengele. Ilidunda barabarani mara mbili, ikalala ubavu, ikaanza kubingirika kwenye mteremko. Watu walipisha. Kuku walipisha. Marselino aliikimbiza akipiga kelele, "Ishikeni! Hapana, msiishike!" Springi ikaenda zake mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua, ikapunguza mwendo, ikazunguka mara moja kama inayochagua pa kukaa, ikaanguka mbele ya karai lake.

Yule mama aliitazama, akamtazama Marselino anayehema. "Nikupe vingapi?" akauliza.

Mtaa mzima ulicheka mpaka watu wakashikana. Marselino alicheka mpaka akakaa chini. Sadallah peke yake alikaa ndani ya lori lililopinda upande, mikono kwenye usukani. Imebaki siku moja, alikuwa akifikiri. Nitamwambia nini yule msichana?

Ijumaa kulipopambazuka alisikia msumeno. Ulikuwa ukikata polepole, kwa mlio wa kitu kigumu sana. Alifuata sauti mpaka uani kwa Marselino.

Marselino alikuwa na kinyago kikubwa alichokifanyia kazi tangu Februari, kirefu kufika kifuani, watu waliobebana, mmoja amekanyaga bega la mwenzake, kutoka juu hadi chini. Kilikuwa cha kwenda kwenye maonyesho mjini. Sehemu ya juu ilikuwa imekamilika na inang'aa. Chini palibaki gogo tupu ambalo halijaguswa. Sasa kilikuwa kimelazwa, na Marselino alikuwa anakata lile gogo la chini.

"Unafanya nini?" Sadallah alisema.

"Springi yako haina pa kukaa. Imewekwa juu ya chuma kitupu, ikipata nafasi inaruka, hata mimi ningeruka. Inataka kikombe. Chini kikombe, juu kikombe, na katikati ya kikombe kishina kinachoingia ndani yake kuishikilia. Nimeisikia usiku kucha."

"Lakini kinyago..."

"Kilikuwa kiwe na watu kumi na sita. Kitakuwa na kumi na wawili."

"Marselino."

"Wale wanne walikuwa bado hawajazaliwa," Marselino alisema, msumeno ukiendelea. "Hawatajua. Shika huko, linacheza."

Sadallah alipiga magoti akalishika gogo. Alitaka kusema kitu kuhusu mifupa, kuhusu maneno aliyoyasema. Alilishika gogo kwa nguvu zake zote, na vumbi jeusi la mpingo likamwagikia mikononi.

"Nilikuwa nakuonaga mtu wa kutamani vya watu," akasema mwishowe.

"Ni kweli," Marselino akasema. "Natamani sana vile vitano vilivyobaki. Ni chuma kizuri ajabu."

Na Sadallah akacheka. Tabu, aliyekuwa akija na chai na mihogo, alisimama mlangoni asiamini masikio yake.

Walitoa vipande vinne. Marselino alivichonga kwa tezo na patasi, zile zile zilizotokana na lori lenyewe, na Sadallah alipima kwa kamba na kumwambia: hapa pana, hapa kina zaidi. Vya chini vilichongwa matumbo ya kukumbatia ekseli. Juu ya kila kimoja Marselino alichimba mfereji wa mviringo wa kulalia ncha ya springi isizunguke, na katikati akaacha kishina kinene. Ili mpingo usipasuke, walikata mikanda ya chuma ya pipa la zamani, wakaipasha moto ikawa myekundu, wakaivisha na kuimwagia maji ikabana kwa mlio. Kila kikombe kilifungwa kwa bolti imara. Saa kumi jioni lori lilipita katika lile shimo mara sita likiwa na magunia yote. Hakuna kilichochomoka. Mara ya saba yule mama wa vitumbua alisimama karibu na shimo, karai mkononi, tayari kwa mapokezi. Springi hazikutoka.

Jumamosi asubuhi walipakia mashine Kinondoni. Wanaume wanane waliisukuma kwenye mbao, injini kwanza, kinu baadaye. Kokuberwa alikaa pembeni ya lori ameziba mdomo kwa mkono, akitazama matairi ya nyuma. Bodi ilishuka. Ikashuka tena. Springi zikajikunja kidogo, mpingo ukatoa mlio mmoja mfupi, kisha kila kitu kikatulia. Kati ya tairi na bodi pakabaki nafasi ya kupitisha ngumi.

"Ndugu Sadallah," Kokuberwa alisema, "hili ni lori lile lile?"

"Ndilo. Limepata wasaidizi."

Walikaa watatu mbele, Sadallah, Tabu na Kokuberwa. Marselino alipanda nyuma na mashine, akisema lazima awaangalie watoto wake wanne wa mpingo. Sadallah aliendesha polepole. Alijua springi zimeponya mgongo tu. Breki zilikuwa zile zile za zamani, na mteremko haumhurumii mtu. Kila mteremko aliingiza gia ndogo. Walipita viwandani Barabara ya Pugu, wakapita Gongo la Mboto, askari wawili waliokuwa wakivuka njia wakawapungia mkono, kisha wakaiacha lami. Njia ya udongo ilikuwa imekatwa na mvua za masika. Kabla ya kufika Mvuleni palikuwa na bonde lenye kijito kisicho na daraja.

Sadallah alisimamisha lori. Marselino akaruka chini, akavua viatu, akaingia majini kutafuta sehemu ngumu.

"Hapa!" akapaza sauti, maji magotini. "Njoo taratibu kama unakwenda ukweni!"

Lori lilishuka. Maji yakapanda kwenye magurudumu. Katikati ya kijito gurudumu la nyuma lilianguka kwenye mwamba kwa kishindo, Tabu akamshika Kokuberwa shingo, na Sadallah akasubiri ile sauti ya kengele. Haikuja. Alisikia springi zikishuka, zikapumua, zikainua mzigo wote juu tena, na lori likapanda ng'ambo likitiririka maji.

Watoto wa kijiji ndio waliowaona kwanza. Kisha wakaja wanawake, si kwa kutembea. Walikuja mbio, khanga zimefungwa kiunoni, vigelegele vimetangulia. Mbele yao alikuwa Bi Somoe, mwenyekiti, mwanamke mfupi mnene wa makamo, aliyekimbia huku ameshika kilemba kisidondoke. Alifika, akaweka mkono juu ya injini ya mashine, akauondoa haraka kama imemchoma, akauweka tena.

"Imekuja," alisema. Machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa kiganja, na Sadallah akakiona kile kiganja. Aligeuka akajifanya anakagua matairi.

Ilichukua saa tatu kuishusha mashine, kuifunga kwenye sakafu yake na kuiwekea mkanda. Fundi wa Kokuberwa aliyekuja kwa miguu kutoka Gongo la Mboto aliijaza dizeli, akazungusha mpini. Ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikashika, na kijiji kizima kikaruka nyuma kwa kishindo, halafu kikarudi mbele. Bi Somoe alimimina debe la kwanza la mahindi. Alikinga mikono miwili chini ya mdomo wa kinu, na unga ukaanguka ndani yake, laini, wenye joto.

"Una joto!" aliwapigia kelele wenzake. "Shikeni, una joto!"

Wakaushika wote. Waliupaka mashavuni, waliwapaka watoto, walimpaka Kokuberwa na mkoba wake wa ngozi. Kisha mtu mmoja akamnyooshea kidole Marselino, mweusi kwa vumbi la mpingo na matope ya kijito, wakamzunguka wakampaka mpaka akabaki macho. Marselino alianza kucheza ngoma ya kwao, miguu mizito, mabega yanatetemeka, na wapiga ngoma wa Mvuleni, ambao hawakuijua, walimfuata hivyo hivyo mpaka wakampata. Tabu aliingia katikati. Halafu Sadallah, aliyekuwa hajacheza tangu harusi yake mwenyewe, alivua viatu.

Bi Somoe alikuwa ameshakivunja kinu chake cha kutwangia asubuhi ile. Ugali wa mchana ulipikwa kwa kuni zake, kwa kuku na mchicha wa nazi, na wageni wa vijiji vitatu walikula wakashiba.

Baadaye walipoanza kurudi, jua likiwa bado juu ya minazi, lori lilikuwa tupu na springi hazikuwa na kazi ya kufanya. Liliruka kwenye kila tuta kama mbuzi. Wote wanne walikuwa wamebanana mbele sasa, Marselino mlangoni, furushi la unga mapajani mwa Tabu, na kila liliporuka waligonga vichwa kwenye paa kwa pamoja.

"Sadallah!" Tabu alipiga kelele akicheka, hawezi kuvuta pumzi. "Punguza, tutafika Temeke hatuna meno!"

"Si mimi," Sadallah alisema, "ni hao watoto wa Marselino."

"Wamefurahi tu," Marselino alisema. "Waache."

Na Sadallah akawaacha.